Binti Sultani aliyejifunza kuandika kwa siri

Wengi wetu hapa Machakos tumeyajua majumba ya wafalme wa Bara Hindi kwa njia ya sinema. Tumewaona malkia waliopambwa kwa dhahabu tangu utosini hadi nyayoni, wameketi juu ya mito ya hariri, na wajakazi wakiwapepea. Mtazamaji hutoka akiyaonea wivu maisha hayo. Ni wachache wanaojiuliza swali moja dogo: je, bibi yule angetaka kwenda sokoni mwenyewe, angeruhusiwa?

Jibu ni hapana. Katika mji wa Jaipur, kaskazini magharibi ya Bara Hindi, liko jumba liitwalo Hawa Mahal, maana yake Jumba la Upepo. Lilijengwa mwaka 1799 kwa amri ya Maharaja Sawai Pratap Singh. Upande wake unaoelekea barabara una madirisha madogo 953, yamechorwa na kutobolewa kama sega la nyuki. Wageni kutoka pembe zote za dunia huenda kulipiga picha, wala si ajabu, kwani ni jumba zuri. Lakini kazi ya madirisha yale ilikuwa kuwawezesha wanawake wa mfalme kutazama soko na maandamano bila wao kuonekana na mtu. Mke wa mfalme aliijua barabara ya mji wake kwa kuichungulia.

Msomaji asidhani kwamba mambo hayo yalikuwa ya Bara Hindi peke yake. Yalikuwako hapa kwetu Afrika Mashariki pia, na sehemu ya mali iliyoyalipia ilibebwa mabegani na babu zetu wa Ukambani.

PEMBE ZA UKAMBANI

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Wakamba walikuwa mabingwa wa biashara ya pembe za ndovu kati ya bara na Mombasa. Misafara yao ilivuka nyika kavu hadi pwani, na kurudi na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Aliyesifika kuliko wote katika biashara hiyo ni Kivui wa Mwendwa wa Kitui. Ndiye aliyempokea mmisionari Ludwig Krapf mwaka 1849, na ndiye aliyeuawa mwaka 1851 walipokuwa pamoja safarini kuelekea mto Tana.

Mombasa ilikuwa chini ya Seyyid Said bin Sultan tangu mwaka 1837. Mtawala huyo wa Oman alikuwa amevutiwa na Unguja, akahamishia makao yake huko. Ushuru wa forodha, pamoja na karafuu na biashara ya watumwa, ndio uliomtajirisha. Mkusanyaji wake mkuu wa ushuru alikuwa Mhindi wa Kutch, Jairam Shivji. Pembe nyingi zilipakiwa majahazini kwenda Bombay, ambako mafundi walizikata wakatengeneza bangili za maharusi wa Gujarat na Rajasthan.

Tazama basi safari ya pembe moja. Inaondoka Ukambani begani mwa kijana, inalipiwa ushuru pwani, na ushuru ule unasaidia kujenga jumba la Sultani ambamo binti zake wanafungiwa. Halafu inavuka bahari na kuishia mkononi mwa bibi arusi wa Kihindi, ambaye huenda naye anaishi nyuma ya pazia. Kijana yule alikuwa mtu wa mwendo, lakini huko mbali mzigo wake uliwanunulia fahari watu wasioruhusiwa kutembea.

JUMBA LA MTONI

Habari za ndani ya majumba ya Unguja tunazipata kwa mtu aliyezaliwa humo. Huyo ni Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, ufukweni kaskazini mwa mji wa Unguja. Mwaka huo huo Krapf alifika Unguja akapokewa na baba yake Salme, kabla ya kwenda Mombasa.

Mama yake Salme, Jilfidan, alikuwa suria kutoka nchi ya Circassia, karibu na Bahari Nyeusi. Alitekwa akiwa mtoto mdogo vitani, akauzwa, akaingia jumba la Sultani kabla hajajua maana ya jambo hilo. Wenzake walikuwa wengi, wengine Wahabeshi, wengine kutoka nchi za kaskazini kama yeye. Juu yao wote alikuwapo mke wa ndoa, Bibi Azza binti Seif. Mama huyu alikuwa mfupi wa kimo na hakujaliwa mtoto, lakini jumba zima lilimwogopa.

Kwa hesabu ya Salme, watu waliokaa Mtoni walipata kama elfu moja. Uani walitembea tausi, paa na mbuni. Palikuwa na vyumba vya kuogea safu nzima. Seyyid Said alipofariki baharini mwaka 1856 aliacha watoto hai 36, wa kike 18 na wa kiume 18. Kwa sheria ya Kiislamu watoto wa masuria walikuwa huru na wenye haki kama wengine, na suria aliyemzalia bwana wake hakuweza kuuzwa tena.

Jambo hilo halifai kupuuzwa. Salme alihesabiwa kuwa mtu mzima akiwa na umri wa miaka 12 tu. Alirithi shamba lenye nyumba, na fedha zaidi ya pauni 5,000. Wanawake wengi wa Ulaya wakati huo, wakiolewa, mali yao iliingia mikononi mwa waume zao. Binti wa Unguja alikuwa na mali iliyo yake hasa. Kilichokuwa si chake ni njia ya kwendea shambani mchana.

HESHIMA IKIZIDI, MLANGO HUFUNGWA

Waswahili wanalo neno la hali hiyo: kutawa. Mwanamke anayetawishwa hukaa ndani, haonekani na mwanamume asiye maharimu yake. Katika Unguja ya Seyyid Said, bibi wa daraja ya juu alitoka usiku. Mbele yake walikwenda watumwa wamebeba taa kubwa, nyuma yake wajakazi, naye mwenyewe amevaa barakoa usoni na kujitanda shela mwili mzima. Kadiri taa zilivyokuwa nyingi ndivyo cheo kilivyokuwa kikubwa.

Lamu nako walikuwa na njia zao. Bibi wa ukoo mkubwa aliweza kupita mjini ndani ya shiraa, yaani hema la kitambaa lililoshikwa na watumwa, likasogea pamoja naye hatua kwa hatua. Na baina ya nyumba na nyumba walijenga wikio, chumba kinachopita juu ya njia kama daraja, ili wanawake waamkiane bila kukanyaga barabara.

Hapa ndipo penye siri ya jambo lote. Mwanamke maskini wa Unguja alikwenda kisimani, sokoni na shambani bila kuulizwa. Mtumwa wa kike alitumwa mahali popote saa yoyote. Aliyefungiwa ni yule mwenye cheo, kwa sababu kukaa ndani kulikuwa ndiyo alama ya cheo chenyewe. Heshima ya baba na kaka ilihifadhiwa ndani ya mwili wa binti, nacho kitu cha thamani hufungiwa kabatini.

Lakini tusimlilie binti mfalme tukawasahau wale waliobeba taa. Yeye alikatazwa kutoka, nao walikatazwa kuondoka. Salme mwenyewe, hata alipokuwa mtu mzima Ulaya, aliandika akiutetea utumwa wa Waarabu kuwa si mkali kama ule wa Wazungu wa Marekani. Mtu anaweza kuuona ukuta wake mwenyewe asiuone wa jirani.

Aliyejaribu kuuvunja utaratibu aligharimika. Seyyid Said alioa pia binti mfalme wa Kiajemi, na hamamu ya Kidichi, iliyojengwa mwaka 1850 na ambayo bado ipo, hutajwa kuwa ilijengwa kwa ajili yake. Bibi huyu alizoea mambo ya kwao. Alipanda farasi akaenda kuwinda, wala hakujificha uso kama walivyotaka wenyeji. Minong'ono ikawa mingi. Mwisho wake alipewa talaka, akarudi Uajemi.

MFUPA WA BEGA LA NGAMIA

Salme alipenda michezo tangu utotoni. Alipohamia katika jumba la kaka yake Majid alifundishwa kupanda farasi na kulenga shabaha. Mambo hayo yaliruhusiwa. Kitu kimoja hakikuruhusiwa, nacho ni kuandika.

Katika jumba la Sultani watoto wa kike na wa kiume walikaa pamoja mbele ya mwalimu mmoja, mama kutoka Oman. Wote walisomeshwa Kurani. Ilipofika zamu ya kuandika, wavulana peke yao walifundishwa. Msichana alitosheka na kusoma, kwani akijua kuandika atamwandikia nani, na ataandika nini? Wakubwa hawakuwa na jibu walilolipenda.

Salme hakubali. Alichukua msahafu, akachukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa watoto wa wakati ule, akaanza kuzinakili herufi moja moja kwa siri. Hakuwa na mtu wa kumwongoza mkono. Baadaye alimpata mtumwa aliyeelimika akamsahihisha. Habari ilipojulikana alilaumiwa sana, lakini lawama hazifuti kilichokwisha kuingia kichwani.

Msomaji apime mwenyewe. Ukuta wa Mtoni ulikuwa wa mawe, na mlangoni walikaa walinzi. Pamoja na hayo, wenye jumba walikiogopa zaidi kipande cha mwanzi kilichochovywa wino. Walijua kwamba mtu anaweza kukaa chumbani mwaka mzima huku maneno yake yakitembea mjini.

BARUA ZA NDUGU MUASI

Hofu hiyo ilitimia mwaka 1859. Majid ndiye aliyekuwa akitawala Unguja. Mdogo wake, Barghash, alikula njama ya kumpindua. Dada yao Khole alikuwa upande wa Barghash, akamvuta na Salme, ambaye mama yake alikuwa amefariki mwaka huo huo. Salme alikuwa na umri wa miaka 15. Katika watu wa njama yeye ndiye aliyejua kuandika vizuri, basi akawa katibu wao. Barua za kuagiza silaha na kuwaita wakubwa wa upande wao zilitoka mkononi mwake.

Askari wa Majid walipoizunguka nyumba ya Barghash, dada zake walikwenda kwake usiku, wakamvisha mavazi ya kike, akatoka katikati yao amefunikwa gubigubi. Walinzi hawakuthubutu kumfunua bibi wa kifalme. Vazi lililowafunga wanawake maisha yao yote likawa, kwa usiku mmoja, ufunguo wa mwanamume.

Uasi wenyewe haukufika mbali. Waingereza walimsaidia Majid, Barghash akashindwa katika shamba la Marseilles, akapelekwa Bombay. Alirudi baada ya miaka kama miwili, na mwaka 1870, Majid alipokufa, akawa Sultani. Salme alipatana na Majid, jambo ambalo Khole na Barghash hawakulisahau.

Inashangaza jinsi habari hii inavyofanana na ile ya Delhi karibu miaka 180 kabla yake. Zeb-un-Nisa alikuwa binti mkubwa wa Mfalme Aurangzeb, msomi na mshairi aliyehifadhi Kurani kifuani. Mwaka 1681 ndugu yake, Akbar, alimwasi baba yao. Zikapatikana barua ambazo Zeb-un-Nisa alimwandikia ndugu huyo. Baba alimnyang'anya mali yake na posho yake, akamfungia katika ngome ya Salimgarh. Alikaa humo miaka ipatayo 20, hadi kufa. Binti wawili, bahari mbili, na kosa lao ni lile lile: waliandika.

MLANGO ULIPOFUNGUKA

Salme alikuja kukaa mjini katika nyumba iliyokaribiana na ya mfanyabiashara Mjerumani wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Kutoka darini aliweza kuwaona wageni wa jirani wakila na kuzungumza. Wakajuana, wakapendana, naye akapata mimba. Kwa binti wa Sultani jambo hilo lilikuwa hatari ya kifo. Tarehe 24 Agosti 1866, usiku, aliondoka kwa manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer hadi Aden. Huko alibatizwa kwa jina la Emily, na tarehe 30 Mei 1867 akafunga ndoa na Ruete.

Je, alipata uhuru? Hapa ndipo wapenzi wa hadithi nyepesi wanapoanguka. Hamburg alitembea mchana na uso wazi, lakini watu walimkodolea macho kama kitu cha maonyesho. Mwezi Agosti 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Sheria za huko hazikumwamini mwanamke kushika mali ya watoto wake peke yake. Yule aliyekuwa na shamba lake akiwa na miaka 12 sasa alisimamiwa na wanaume kwa kila senti.

Mwaka 1875 Sultani Barghash alizuru London. Salme alikwenda huko akitaka kumwona ndugu yake, lakini wakubwa wa Kiingereza walimzuia kwa ahadi ambazo hazikutimizwa. Mwaka 1885 alirudi Unguja, safari hii pamoja na manowari za Kijerumani. Bismarck alikuwa akimtaka Barghash akubali madai ya Wajerumani huku bara, na dada wa Sultani alikuwa karata mkononi mwake. Karata ilipokwisha kuchezwa iliwekwa kando. Barghash hakumpokea wala hakumpa urithi wake. Alijaribu tena mwaka 1888 akarudi mikono mitupu.

Alichobaki nacho ni kile alichojipatia mwenyewe kwenye mfupa wa ngamia. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani, ambacho ni miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa kuandikwa na mwanamke Mwarabu juu ya maisha yake mwenyewe. Ndani yake hakuwachekea Wazungu. Aliwaambia kwamba wanawake wa Mashariki si mateka wanaolia kutwa kama walivyodhani, na kwamba ndoa nyingi za Ulaya nazo zina minyororo yake. Alifariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mchanga kidogo wa pwani ya Unguja aliokuwa ameuhifadhi.

SHULE NDIYO ILIYOBOMOA

Kuta zile hazikuangushwa na mizinga peke yake. Ni kweli usultani wa Unguja uliondolewa na mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na jumba la Mtoni leo ni magofu. Lakini kabla ya hapo kalamu ilikuwa imeanza kazi. Mwaka 1927 ilifunguliwa Unguja shule ya serikali ya wasichana, na binti wa watu wakaandika mchana kweupe kile ambacho Salme alikiandika kwa kujificha.

Bara Hindi mambo yalikwenda hivyo hivyo. Dola ya Bhopal ilitawaliwa na wanawake Waislamu kwa zaidi ya miaka 100, kuanzia 1819 hadi 1926. Wa mwisho wao, Sultan Jahan Begum, hakuliacha pazia lake muda mwingi wa utawala wake, lakini mwaka 1920 alikuwa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Aligarh. Katika Jaipur, mji wa yale madirisha 953, Maharani Gayatri Devi alianzisha shule ya wasichana mwaka 1943 ili binti za wakubwa watoke nyuma ya pazia. Mwaka 1962 yeye mwenyewe alisimama mbele ya umma akaomba kura, akaingia bungeni kwa ushindi mkubwa mno.

Sisi wa Ukambani hatukuwa na wafalme, wala majumba ya kufungia binti zao. Mwanamke wetu aliyejulikana kuliko wote wa zamani, Syokimau, alikuwa mwaguzi, na wazee walimsikiliza aliposema kwamba atakuja nyoka mrefu kutoka baharini, ambaye watu walikuja kumtambua kuwa ni reli. Hakutazama dunia kwa tundu la dirisha. Lakini tusijisifu upesi. Mama zetu walikuwa na njia yote ya kutembea, na mara nyingi njia hiyo iliwaelekeza mtoni wakiwa na mtungi mgongoni na kamba kipajini, huku kaka yao akipelekwa shule ilipofika.

Binti wa Mtoni alipewa kila kitu akanyimwa kalamu. Wa kwetu alinyimwa kalamu bila kupewa kitu. Leo mzazi akikaa chini kuhesabu karo na kuona haitoshi watoto wote, jina linalokatwa kwanza linaweza bado kuwa la msichana, na sababu zitatolewa kwa sauti ya upole, ati ni kwa heshima yake na kwa faida yake. Wakubwa wa Mtoni nao walisema hivyo hivyo.